Mende Walionyamazia Mkono wa Tonton

Kila ninaposikia upepo ukitoka kwenye tairi la pikipiki hapa Mangobo, shingo hunisisimka, nami hugeuka kuangalia ni nani anayesikiliza. Msinicheke. Kwetu, enzi za Zaire, sauti hiyo ilikuwa ya mende.

Si wale wa jikoni. Hawa hawakuwa na mabawa, walikuwa wanene kama kidole gumba cha mtu mzima, na ukiwagusa walitoa "ssss" iliyofukuza hata kuku. Mwalimu mmoja wa Madagaska aliyefundisha pamoja na papa, baba yangu, alimwachia wachache aliporudi kwao. Wakazaana wee, mpaka sanduku likajaa. Papa alipaka mafuta ya mawese ukingoni wasitoke, akaliweka depo, kijichumba kilichotenganishwa na baraza kwa mbao tu. Mama alinung'unika kwamba majirani watatuita wachawi. Papa akasema afadhali, mwizi hatathubutu kuingia.

Kuwalisha ilikuwa kazi yangu. Siku za kwanza walinipigia kelele mpaka nikalia, kisha wakaacha. Papa alinieleza sababu mbele ya rafiki yake Papa Salumu, Mwislamu wa Maniema aliyeuza vitambaa sokoni: "Inazoeaka harufu ya mukono. Mukono yenye inajua, haililie." Papa Salumu alicheka, akasema yeye hatazoewa na wadudu hata afe.

Baadaye mjomba wetu, Tonton Bolamba, binamu yake mama, alifika kwa mtumbwi kutoka Basoko kutafuta kazi, akapewa chumba cha nyuma. Alikuwa mpole, tena hata akitembea hukusikia nyayo zake. Haikuchukua muda akawa na abacost mpya, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa Chama tawala, ingawa sikuwahi kumwona akienda kazini. Mama alisema ni neema ya Mungu.

Jumapili moja, papa na Papa Salumu wakiwa peke yao barazani, papa alitania: "Chama inakula kwa ajili yetu sisi wote!" Wiki hiyo hiyo watu wa usalama walikuja kumchukua. Alirudi baada ya siku kadhaa, bila viatu, mdomo umevimba. Walikuwa wamemsomea maneno yake yote, hata pale alipocheka. Wakamwonya kwamba mara nyingine hatarudi.

Barazani walikuwa wawili tu, basi hesabu yetu ilikuwa rahisi. Papa akaacha kwenda kwa rafiki yake. Papa Salumu alipokuja kutoa pole, mama hakumpa hata kiti. Aliondoka akisema, "Mama, kikulacho kiko nguoni mwako," na mama akasema mtu huyo amekosa haya. Mimi nilimchukia waziwazi.

Siku hizo hizo nilikuta maganda ya papai ndani ya sanduku, na mimi niliwapa ndizi tu. Nilimwonyesha papa. Aliligeuza ganda vidoleni kwa muda mrefu, akaniambia nisimwambie mtu.

Jumapili iliyofuata alileta sanduku barazani, akatuita sote, na Papa Salumu pia.

"Bon," alisema. "Mwenye alipeleka maneno yangu, mende itamulilia. Kila mutu aingize mukono."

Mama alitangulia. Mende wakampigia kelele. "Miye? Bibi yako?" alifoka. "Hii mende iko na wazimu!"

Papa Salumu akakunja mkono wa kanzu. Walilia wote kwa pamoja, nikaruka nyuma. Papa alifumba macho. Papa Salumu akautoa mkono wake, akasema, "Alhamdulillahi," huku akitabasamu. Nikawaza, kumbe mama alisema kweli, hana haya hata kidogo.

Kisha Tonton. Aliingiza mkono polepole, na mende mmoja akampanda kifundoni. Kimya.

"Munaona?" alisema. "Miye iko mutu safi."

Papa alicheka sana, akasema wadudu ni wapumbavu, yamekwisha. Wakati wa kula alimpa Tonton kichwa cha samaki. Mimi niliona wivu: mende wangu walikuwa wamempenda mtu mwingine. Ni hilo tu nililoliona.

Tangu siku hiyo papa alikisifu Chama barazani kwa sauti kubwa, uso ameuelekeza kwenye zile mbao, na Papa Salumu, aliyerudi kunywa chai kama zamani, aliitikia, "Kabisa!" Nilimwonea baba yangu aibu. Tonton aliendelea kula kwetu miaka mingi.

Nilikuwa nimeshazaa nilipomwona mwanangu akiwalilia wageni wote, akanyamaza alipofika kwa yaya wake. Nikaukumbuka mkono wa Tonton ndani ya sanduku. Jioni nilimwendea papa, aliyekuwa mzee tayari.

"Papa, juu ya nini haukumufukuza?"

"Nikifukuza sikio yenye najua, watatuma ingine yenye sijui."

"Na miye, juu ya nini haukuniambia?"

"Uso yako haikujuaka kudanganya, mwanangu."

Papa Salumu alikuwa ameshazikwa. Na siku hiyo ndipo nilipoisikia vizuri ile Alhamdulillahi yake, nikaelewa pia kwa nini papa alifumba macho. Alikuwa amerudishiwa rafiki yake.