Vipande Viwili vya Maini

Wiki jana sista wa kliniki hapa Busia alinivuta kope la chini, akachungulia, akaguna. "Mama, wewe huna damu. Unakula mawe?" Nikasema hapana. Chini ya ulimi wangu kulikuwa na kipande cha odowa kikiyeyuka polepole.

Odowa unaijua. Yale mawe laini ya udongo ambayo akina mama wa sokoni hupanga kwa mafungu juu ya gunia, karibu na omena. Ukiuma, harufu inapanda puani, harufu ya vumbi lililoguswa na mvua ya kwanza. Ikinipanda hivyo, siko Busia tena. Niko nyumbani, upande wa Funyula, nina miaka minane, na mama ana mimba ya tano.

Mimi ndiye nilikuwa natumwa. Nilikimbia hadi sokoni na kurudi, odowa imeniachia vumbi jeupe viganjani, na mama akinisubiri mlangoni mwa jikoni. Alinikatia pembe moja iwe malipo yangu. Tuliketi tumeegemea ukuta, kunde zikichemka, moshi ukituwasha macho, tukatafuna. Sikudanganyi, rafiki yangu, sijawahi kuwa na raha kama ile. Ndiyo maana inaniuma.

Kwa sababu mama alikuwa anaisha, na sisi tulikuwa tunamtazama. Mimba zilifuatana bila kumpa nafasi ya kupumua. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya hii ilipoingia. Kila mvua ilimletea malaria. Ugali na kunde alivishushia chai ya rangi, kikombe juu ya kikombe. Kwenda mtoni alikuwa akipumzika mara moja njiani, halafu mara mbili, halafu akawa ananituma mimi. Na ngozi yake ikapauka. Unajua wanawake wa kanisa walimwambia nini? "Heh! Mama, umekuwa brown! Hii mimba imekupenda." Mama akatabasamu, akaangalia viganja vyake. Brown! Mtu anaishiwa damu, wao wanasifu rangi.

Nyanya, mama yake baba, ndiye alikuwa na neno la mwisho pale nyumbani. Kuhusu odowa alisema, "Ni mtoto anadai. Mpeni." Kuhusu vidonge vya damu ambavyo mama alipewa zahanati, alisema vinanenepesha mtoto tumboni mpaka anakataa kutoka. Vikawekwa kwenye mkebe juu ya mlango. Siku ya mazishi vilikuwa bado huko, nilivisikia vikicheza mkebe uliposogezwa.

Lakini sista wa zahanati alikuwa amesema pia mama ale maini, na baba alisikia. Baba alikuwa akivusha watu mpakani kwa baiskeli. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila Jumamosi alirudi na maini yamefungwa kwa gazeti, yamekazwa na mpira kwenye keria. Mama aliyakaanga na kitunguu, harufu ikajaa boma zima. Sasa, kwetu maini hayakuliwa jikoni kabla mwenye nyumba hajaonja. Nyanya aliyapakua yote kwenye sahani ya baba, nami nikaipeleka sebuleni. Baba alikula kidogo, akabakisha vipande viwili vikubwa, akaisukuma sahani. "Rudisha jikoni." Hakusema ni vya nani. Mwanamume wa kwetu atasemaje kwamba anamlisha mkewe?

Na kwetu pia, mtoto anayebeba sahani hula kilichobaki. Kutoka sebuleni hadi jikoni kulikuwa na uwanja wa hatua kama kumi. Kila Jumamosi nilivila hapo katikati, kimoja baada ya kingine, nikilamba vidole. Mama alipokea sahani tupu, akapangusa mchuzi kwa tonge la ugali.

"Mzee amemaliza?"

"Amemaliza."

"Afadhali," alisema. "Baiskeli inachosha."

Alijifungua asubuhi, siku ya soko. Mkunga alisema damu iliyotoka haikuwa nyingi. Wengine hutoka zaidi ya hiyo na kesho yake wanapika. Yeye hakuwa na ya kupoteza. Kufikia saa sita alikuwa ameondoka, na mtoto akamfuata siku ya pili.

Matangani watu walimzunguka baba wakimpa pole. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nilimsikia akimwambia jirani, taratibu, kama mtu anayejitetea, "Lakini kila Jumamosi nilikuwa namwachia maini." Baba naye ameshakufa, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Jiko lile halipo. Limelimwa, ni mahindi. Nyanya hayupo, baiskeli hazivushi watu tena, ni pikipiki. Natamani ningeweza kusema ujinga ule nao umekwenda. Mwezi jana shangazi ya mume wangu alinishika shavu akacheka, "Umekuwa brown, dada!" Na hiyo odowa niliyomficha sista, nilimtuma binti yangu aninunulie. Ana miaka minane. Alirudi mbio, viganja vyeupe, akasimama akingoja nimkatie pembe yake.

Jana nilikaanga maini. Binti yangu akaja na sahani ya baba yake, kama alivyozoea. Nikamwambia aketi. Nikala kutoka kwa sufuria, nimesimama, yeye akinitazama kwa macho makubwa.

"Mama, hutaniachia hata kimoja?"

"Leo hapana."

Nilitafuna huku nalia, naye akaogopa. Yalikuwa matamu, maini yale, na kitunguu kimeungua kidogo pembeni kama cha mama. Aliyakaanga kila Jumamosi mpaka akafa, na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba hakuwahi kuyaonja.