Kicheko Nilichompa Shemeji

Niseme mapema ili usije ukanionea huruma: kosa ni langu. Sikumpiga mtu. Nilichekesha watu tu, ndiyo maana ilinichukua muda kuelewa nilichofanya.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri muvi za nje. Nilikaa na maiki kwenye kibanda cha video hapa kata ya Sokon I, nikizungumza juu ya sauti za waigizaji na kuchomekea utani wangu. Watu hawakuja kuona muvi, walikuja kunisikia mimi. Nikavimba kichwa.

Siku moja akina mama wa usharika mmoja wa kanisa wakaniletea muvi ya mume anayempiga mkewe mpaka mke ananusurika kufa. Wakaniambia, "Wanaume hawaji kwenye semina zetu, ila kwako wanajaa. Itafsiri kama ilivyo, nao waone."

Nilitaka kuwakatalia, maana muvi za namna hiyo hazina wateja. Nilipomsimulia mdogo wangu Anaeli (si jina lake), aliyeolewa huko juu ya Usa River kwenye migomba na kahawa, yeye ndiye aliyenisukuma.

"Kaka, ifanye hiyo. Halafu mwalike shemeji yako. Anakusikiliza wewe kuliko mchungaji."

Nikacheka. Sikujiuliza kwa nini ananibembeleza vile.

Jumamosi kibanda kilijaa, shemeji yuko benchi la mbele. Mwanzoni nilitafsiri kwa adabu. Haikuchukua muda watu wakaanza kupiga miluzi, wengine wakainuka. Kuona wateja wangu wanaondoka, nikaingiwa na hofu. Kofi lililofuata nikalisindikiza na ile sauti yangu ya kukwaruza, ninayoitumia kwa majambazi: "Na bado!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Waliosimama wakakaa. Basi kila kofi nikawa nasema "Na bado!", mpaka mwisho watu wote wakawa wanaitikia. Mke wa watu anavuja damu kwenye skrini, sisi tunacheka. Shemeji alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniomba nimwekee kwenye flashi, pamoja na sauti yangu niliyoirekodi, akaangalie nyumbani. Nikamwekea. Mungu wangu, nilimwekea kwa mkono wangu!

Lile neno likaenea mtaani. Nikipita sokoni wauza mitumba wananiitia "Na bado!", nami nanyoosha kidole gumba kama staa.

Kisha mama akapiga simu: Anaeli amelazwa.

Nilimkuta amefungwa bandeji upande wa kushoto wa kichwa. Nilimsalimia. Alinitazama tu, hadi nikaangalia chini.

"Ananipiga tangu mwaka wa kwanza wa ndoa," akasema. "Lakini zamani akimaliza alikuwa anaona aibu. Anatoka nje, anakaa kwenye kahawa zake, siku nzima hawezi kuniangalia usoni. Mimi nilikuwa naishi kwa ile aibu yake. Nikasema labda akiiona muvi, akikusikia wewe, itamzidi, ataacha."

Akaigusa ile bandeji.

"Sasa akinipiga anasema 'Na bado'. Kwa ile sauti yako, kaka. Na anacheka. Hata ile aibu umemwondolea."

 

Shemeji yuko rumande, kesi inaendelea. Anaeli anaishi kwa mama. Sikio lake la kushoto halisikii tena, na tukikaa kula huwa anachagua kiti kitakacholiweka sikio hilo upande wangu. Naona anavyochagua. Usiku nasikia kibanda kizima kikiniitikia, na katikati ya zile sauti natafuta ya shemeji, naipata kila mara.

Nimeacha utani. Ile muvi nimeitafsiri upya, neno kwa neno, bila mzaha wowote. Nikampelekea Anaeli awe wa kwanza kuiona. Akanirudishia flashi.

"Wapelekee wengine. Mimi sauti yako nimeshaisikia."

Wewe mwenzangu unayeshika maiki, iwe kibandani, redioni au kwenye podikasti yako: ukipewa kisa cha mtu anayeumizwa, kisimulie kama kilivyo. Watu wakianza kuinuka, waache waende zao. Usiwarudishe kwa kicheko. Hujui, yule aliyebaki kwenye benchi la mbele huenda ametumwa kwako na mkewe.