Mita Tisa na Robo

Walimwita Bi Futi kwa sababu futi hakuwa nayo. Katika miaka thelathini ya kushona nguo kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, hakuna mteja wake aliyewahi kuzungushiwa utepe wa kupimia kiunoni. Mteja aliingia, akasalimiwa, akaulizwa habari za nyumbani, na kabla hajamaliza kujibu, vipimo vyake vilikuwa vimekwisha kuandikwa kwa chaki pembeni mwa meza ya kukatia. Mtindo huo aliurithi kwa shangazi yake, aliyemfundisha kazi tangu akiwa msichana wa kuokota pini sakafuni.

"Mtu akiiona futi anabana tumbo," shangazi alikuwa akisema. "Unampima huyu, anakuja kuivaa nguo mwingine. Mpime kabla hajajua."

Basi Jumanne moja, yapata saa nne asubuhi, Bi Futi alikuwa amesimama mlangoni akikata uzi kwa meno, akainua macho. Juu ya mapaa kulikuwa na kitu cheupe kinachong'aa, umbo la tone la maji lililopinduliwa, kikielea polepole kuelekea mnara wa simu. Kiligusa mnara, kunguru wakatawanyika, kikajigeuza kidogo kama mtu anayejitazama kwenye kioo, kisha kikapanda na kupotelea mawinguni.

Bi Futi hakushangaa, alipima. Mnara ule umepakwa mikanda myekundu na myeupe, na fundi rangi wake, aliyeshonewa suruali mbili za kazi humo humo dukani, aliwahi kujigamba kwamba kila mkanda ni mita tatu kamili. Kile kitu kilifunika mikanda mitatu. Mita tisa, akasema moyoni, na kiunoni sita. Tena kilipimwa bila kujua, kwa hiyo hakikubana tumbo.

Mambo yangeishia hapo lau wifi yake asingekuwapo. Wifi huyu, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa akitoboa matundu ya vifungo katika duka hilo, ila ulimi wake mwenyewe haukuwa na kifungo hata kimoja. Alikimbilia simu, akapiga redio, na kufikia saa saba mchana mji mzima ulikuwa umesikia kwamba fundi wa nguo ameona sahani ya angani yenye madirisha.

"Madirisha umeyatoa wapi, wifi?" Bi Futi akamuuliza.

"Chombo cha watu kitakosaje dirisha? Watachungulia wapi?"

"Mimi nilisema kitu. Sikusema chombo, wala sikusema watu."

"Ndiyo maana nikapiga mimi. Ungepiga wewe wangekata simu."

Siku mbili zilizofuata, kila apitaye alitia neno. Huyu aliuliza kama wageni wa juu wameshaagiza suruali, yule akataka kujua zina miguu mingapi. Bi Futi alicheka nao, mpaka Alhamisi alipoingia Matroni wa chuo cha wauguzi. Chuo kilikuwa kimemwahidi kazi ya kushona sare mpya za wanafunzi wote, kazi ambayo ingemweka kwenye cherehani mwaka mzima.

"Nakuheshimu, fundi," Matroni alisema. "Lakini wasichana themanini nawakabidhi kwa macho yako tu, futi huna. Na macho hayo sasa yanaona sahani. Wanajeshi wanakuja kuchunguza. Nitangoja nisikie watasemaje."

Alipoondoka, Bi Futi alijitazama kwenye kioo cha wateja, akajipima, akajiona amepungua.

Wanajeshi walifika Ijumaa, wawili: kapteni mwenye fomu ndefu, na sajini aliyekuja amebeba kiti chake mwenyewe, kana kwamba ameambiwa raia hawana viti. Kapteni alianza kuuliza kwa mpangilio wa fomu. Saa, mahali, mwelekeo wa upepo, macho ya shahidi, kama anavaa miwani.

"Kilikuwa na taa?"

"Hakikuwa na taa, afande. Kilikuwa na mshono."

Kalamu ikasimama. "Rudia."

"Kitambaa chepesi, vipande kumi na viwili vilivyokatwa kama maganda ya chungwa. Mshono mmoja umevuta. Aliyeshona alikuwa na haraka, au cherehani yake inataka mafuta."

"Mama, umbali ule mshono umeuonaje?"

"Kama ninavyoona kwamba shati lako limepunguzwa ubavuni, na aliyelipunguza alianza kushoto, akachoka kabla hajafika kulia."

Sajini akakohoa na kutazama dari. Kapteni akauegemeza mkono wake juu ya ubavu wa kulia, akageuza ukurasa, akaandika kwa muda. Kisha akasoma kwa sauti: "'Shahidi aliona wingu, akadhani ni kitu.' Tia saini hapa, mama, mambo yaishe."

Bi Futi aliisoma mwenyewe, mara mbili. Moyoni akamwona Matroni akiisoma, akawaona wale wasichana themanini wakipanga foleni kwa fundi mwingine, mwenye futi shingoni.

"Sitii saini, afande. Wingu halina mshono."

"Ni kwa faida yako."

"Kitakachoisha hapa ni kazi yangu. Kitu chenyewe kiite utakavyo, sina haja nacho. Lakini vipimo ni vyangu. Mita tisa."

"Tisa na robo," kapteni akasema bila kuinua kichwa, kama mtu anayemsahihisha karani wake.

Cherehani ya wifi ikanyamaza. Sajini akakitazama kipande cha kitambaa kilichokuwa kando ya kiatu chake kwa makini sana.

"Hiyo robo ni mkia," Bi Futi akasema kwa upole. "Ile kamba ya chini. Fundi hahesabu uzi unaoning'inia. Lakini afande, kama hamkijui, robo mmeipata wapi?"

"Nilisema kina wenyewe," wifi akadakia. "Nilikosea madirisha tu."

Kapteni alijaribu kukunja uso, uso ukakataa, akacheka puani. "Huyu anaweza kunyamaza?"

"Hawezi."

"Basi hatutasema ni cha nani."

"Wala mimi sikuuliza."

Kapteni akaikunja fomu ile, akachukua karatasi nyingine, akaandika: Shahidi aliona kitu angani. Asili ya kitu hicho haitajwi. Vipimo alivyovitoa kwa macho ni sahihi. Bi Futi akamwomba aongeze "pasipo mkia," kwa sababu kazi ni kazi. Kapteni akaongeza, akagonga muhuri, na Bi Futi akatia saini.

Jumatatu Matroni alisimama mlangoni, akapokea ile karatasi ya kapteni, akaisoma, akaukagua muhuri mbele na nyuma. Kisha akaweka mkoba chini.

"Na mimi je? Ungenipima sasa hivi, ungesema ngapi?"

"Ulishapimwa Alhamisi," Bi Futi akajibu, akimwonyesha pembeni mwa meza.

Matroni, tumbo amelibana, akainama, akasoma chaki. Halafu akalamba kidole, akaifuta ile tarakimu hadi mbao ikang'aa.

"Umeshaishika kichwani?"

"Nimeishika."

"Basi wasichana wataanza kuja kesho, kumi kumi." Akachukua mkoba wake. "Sitawaambia wanakuja kufanya nini."