Kaseti ya Mama Mkubwa Venansia

Naikumbuka siku moja ya baridi, mwanangu, ukungu wa Mufindi umelala mpaka barabarani, nami nimesimama stendi ya Nyololo na kaseti moja kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo maneno ya vitabuni usiyatafute humu.

Redio moja ya Iringa mjini ilikuwa na kipindi cha watu kupendekeza. Unaandika barua, ukibahatika unaitwa studio, unataja wimbo au shairi unalolipenda na kwa nini, kisha wote wanalisikia. Barua yangu ilibahatika. Niliandika habari za mama mkubwa Venansia, dada yake mama, aliyenilea. Alichuma pareto miaka yote, na huko shambani alitunga nyimbo za Kihehe. Wimbo mmoja ulimtaja kwa jina mnyapara aliyewapunja wachumaji kwenye mizani, ukaeleza mpaka anavyotembea. Wanawake waliuimba wakicheka hadi vikapu vikamwagika. Tuliurekodi jikoni kwake kwa redio ya kuazima. Kuku walisikika humo ndani.

Asubuhi ile alinifungia viazi vya kuchemsha. "Nenda ukaseme, baba. Majirani nimewaita. Betri nimeshanunua."

Pale stendi palikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti cha Gaudensi. Namtaja, na akisikia asikie. Gaudensi ndiye aliyekuwa mjuzi wa muziki wa stendi nzima. Akisema wimbo ni mkali, tulikubali kabla haujaanza.

"Mtaalamu, unawapelekea nini redioni?"

Nikampa kaseti. Akasikiliza kidogo.

"Hawa kuku nao ni waitikiaji?"

Ezekieli, utingo wa basi, alicheka mpaka akashikilia mlango. "Mkoa mzima utasema Nyololo tunasikiliza banda la kuku!"

"Usituaibishe, bwana," Gaudensi akasema. "Ngoja nikuwekee kitu cha Dar es Salaam. Kila mtu anakisifia."

Akarekodi juu ya ile ile. Mwanangu, mikono yangu haikuwa imefungwa. Nilisimama nikitazama, na kinachonichoma mpaka leo ni kwamba nilicheka nao.

Kule studio, mtangazaji, dada mpole tu, alishangaa. "Barua yako ilisema wimbo wa mama yako mkubwa. Umebadilisha?"

"Huu ndio bora."

"Ubeti gani unakugusa?"

Sikuwahi kuusikiliza hata mpaka mwisho. Nikasema, "Zote."

Niliporudi alasiri majirani walikuwa bado wamekaa uani, togwa haijaguswa. Hakuna aliyenisalimu, hata kamwene tu. Mama mkubwa ndiye aliyenitetea.

"Labda walimkatalia. Si kitu. Lete kaseti, tuusikie hapa hapa wenyewe."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nilimpa kaseti. Akaitia, akabonyeza, gitaa la Dar es Salaam likalia uani kwake. Akageuza upande wa pili. Mlikuwa na mkwaruzo tu. Bibi mmoja akainuka polepole, akajifunga khanga, akaaga.

Hakunipigia kelele. "Kama ungeuona mbaya ungeniambia mimi, si ndiye niliyeutunga? Lakini uliupenda. Nilikuwa nakusikia ukiuimba ukipasua kuni. Leo umesifia usichokijua ili Gaudensi akuone mtu. Kesho Gaudensi atasifia kingine. Utamfuata mpaka wapi?"

Nilimwomba turekodi tena. Akasema koo limekauka. Halikulowa tena mpaka tukamzika. Pale kaburini wanawake wa pareto waliuanza ule wimbo, wakafika katikati, wakakwama, wakanigeukia mimi. Mwanzo naujua. Jina la mnyapara nalijua. Katikati hakuna. Yaani mwizi wa mizani amebaki ndani ya wimbo, na aliyemwimba amefutika.

Mwaka jana nilimkuta Gaudensi Mbeya, ana duka la simu, tumbo mbele. Nikamkumbusha. Akanitazama. "Kaseti ipi, kaka? Zilikuwa nyingi." Ndivyo walivyo. Anayekuchekea kipendacho moyo wako wala hakumbuki kwamba alicheka.

Na juzi binti yangu kanitumia podikasti kwenye simu. "Baba, hii lazima usikilize, kila mtu anaisifia." Nikamuuliza yeye imemgusa wapi. Akasema bado hajaifungua. Nikainuka nikaenda kukata kuni, maana ningesema vibaya.

Mwanangu, kitu usichokionja usimpakulie mwenzio. Ukiulizwa unapenda kitabu gani, shairi gani, wimbo gani, taja kile kilichokushika kweli, hata kama kiliimbwa na mchuma pareto na kuku wamo ndani. Wakicheka, waache wacheke, nawe shika kaseti yako mfukoni. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilikuwa na kwetu, nikampa Gaudensi akafute.

Mungu akujalie masikio yako mwenyewe na ulimi wa kuyasemea. Akuwekee nyumbani kwenu mtu anayeimba, akupe na akili ya kumrekodi mara mbili, wangali majirani wamekaa uani na koo lake halijakauka.