Wavu wa Kukaa wa Kiomboi

Elisha aliacha mguu wake wa kulia Uganda mwaka 1979, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Alirudi Kiomboi, akaoa, akalima alizeti yake akitambaa kati ya mistari, na mwili ukazoea. Ambacho hakukizoea ni kuwekwa pembeni. Harusini, mnadani, hata kwenye mpira wa vijana, aliletewa kiti akaachwa hapo.

Kwa hiyo Selina, mtaalamu wa mazoezi tiba, alipowaita askari wa zamani wenye ulemavu waje kucheza wavu wa kukaa, yaani mpira wa wavu unaochezwa mmeketi chini, kila Jumamosi, Elisha alifika wa kwanza. Walitimia kumi na wawili. Wavu ulifungwa chini, wakakaa mchangani, na kwa saa nzima hapakuwa na aliyemzidi mwenzake kimo. Elisha alipangwa na Isaka, koplo wake wa vitani, ambaye hakuwa na miguu yote miwili lakini mdomo alikuwa nao.

"Piga, bwana. Unauogopa mpira kama kuruta."

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Baadaye wazee walianza kupungua: huyu sukari, yule kifua, wengine wakachukuliwa na watoto wao mjini. Mwisho Isaka naye akaugua figo, akawa mtu wa kitandani.

Jumamosi ya kwanza bila yeye, Elisha alizungusha baiskeli yake ya mikono mpaka kwake.

"Leo vipi?" Isaka aliuliza.

"Tumewafunga seti mbili, koplo."

"Nani kakaa nafasi yangu?"

"Hakuna. Tumeiacha wazi."

Isaka alicheka mpaka akakohoa. Ukweli ni kwamba siku hiyo walifika wawili tu, Elisha na Paschal, mmoja wa wale kumi na wawili wa mwanzo, na Selina hakuufunga hata huo wavu. Wiki iliyofuata Elisha alidanganya tena. Ya tatu akaongeza na watazamaji.

Isaka alifariki mwezi wa saba. Siku ya kuanua tanga, binti yake Flora alimfuata Elisha uani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama anataka Jumamosi tuje wote kuwatazama. Baba alikuwa anamsimulia mechi zenu, mpaka wanacheka wote wawili."

Elisha alitikisa kichwa.

"Flora, timu haipo. Tumebaki wawili. Nilikuwa namdanganya baba yako."

Flora alijifunga upya kanga yake, akageuka kutazama mlango wa chumba alimokuwa mama yake.

"Basi mama usimwambie," alisema. "Mimi nitamwambia mmesimama kwanza kwa ajili ya msiba."

Jumamosi Elisha alikwenda uwanjani. Alimkuta Paschal ameshaketi mchangani. Selina aliwapa mpira, nao wakarushiana polepole mpaka jua likawa kali. Kisha akawasaidia kuinuka, kila mmoja akashika njia ya kwake.