Matamasha Niliyohudhuria Nyuma ya Kanisa

Vijana wanaoleta pikipiki zao kwenye karakana yangu hapa Tunduma hupenda kubishana nani ameona shoo nyingi. Mmoja atasema alimwona msanii fulani uwanjani Vwawa. Mwingine atasema hiyo si kitu, yeye alivuka hadi Nakonde akasukumana mbele ya jukwaa mpaka akarudi na kiatu kimoja. Siku moja mmoja wao alinigeukia nikiwa nimelala chini ya bajaji, akaniuliza kwa ile huruma ya kijana kwa mtu mwenye mvi, "Na wewe mzee wangu, ushawahi kwenda hata shoo moja?"

Nilimjibu kwamba nimekwenda matamasha mengi kuliko wao wote wakijumlishwa. Wakacheka, wakataka niwasimulie lililokuwa tamu kuliko yote. Hapo nilijifanya natafuta spana. Ukweli ni kwamba nisingeweza kusimulia hata moja. Nilikuwepo kote, na sikusikia kitu.

Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa jenereta wa kwaya ya kanisa letu. Hiyo ni kazi ambayo watu huiona siku mashine ikizimika tu. Umeme wa huku una tabia zake, na vijijini tulikoalikwa kuimba, makanisa mengi hayakuwa na nguzo hata moja ya umeme karibu. Kwa hiyo kwaya ilisafiri na jenereta yake, na jenereta ilisafiri na mimi. Ilibidi ikae mbali, nyuma ya jengo, upande ambao upepo hautawapelekea watu kelele na moshi, na ilibidi mtu akae nayo, aiongezee petroli, aangalie oili, afukuze mbuzi na watoto. Ilikuwa mashine ya zamani yenye kiburi. Mwingine akivuta kamba yake, inakohoa na kunyamaza. Nikivuta mimi, inakubali. Nilijivunia hilo kama mtu anavyojivunia mbwa mkali anayemtii yeye peke yake, wala sikuona kwamba aliyefungwa mnyororo pale ni mimi.

Mke wangu alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya hiyo. Kulikuwa na wimbo mmoja waliouweka kwa ajili ya matamasha, wa kufungia, ambao katikati yake ala zote hunyamaza na yeye huimba peke yake. Watu walikuja kwa ajili ya wimbo ule. Nilikuwa nawasikia wakitoka kanisani, akina mama wakifuta macho kwa ncha za kanga, wakiulizana yule dada ni wa wapi. Mume wake alikuwa palepale ukutani, ananuka petroli, masikio yanamlia.

Mtu ataniuliza, kwani nyumbani haimbi? Aliimba, lakini kwa kunong'ona, akipepeta mchele au akifunga mtoto mgongoni. Nikimwambia apandishe sauti anasema wimbo ule si wa jikoni. Jumapili kwaya huimba kwa pamoja, na sauti ya mtu mmoja huwezi kuichambua. Kwenye mazoezi nilikwenda mara moja, nikakaa benchi la nyuma, naye akaja kuninong'oneza, "Baba, nenda nyumbani. Ukinitazama hivyo nasahau maneno." Nikaenda. Nilijua siku yangu itafika, ya kukaa benchini na shati safi kama watu wengine na kumsikia mke wangu. Sikutaka kitu kingine katika mambo yote ya muziki.

Basi kumbukumbu zangu za matamasha ni hizi. Ikinga nakumbuka ukungu na baridi ya Ileje, na jinsi nilivyopasha mikono kwenye bomba la moshi. Ndalambo, ambako ndiko kwao mke wangu, nakumbuka joto, na ng'ombe waliosimama wakiitazama mashine kama wanaotaka kuinunua. Wenzangu walirudi na nyimbo midomoni, mimi nikarudi na habari za plagi ya injini.

Hata hivyo injini ilinipa chembe ndogo ya muziki. Spika zikibeba besi, jenereta hushusha sauti na kujikaza kama mtu anayepanda kilima na gunia la mahindi, na mimi nilijua wimbo umefika mahali pazito. Halafu ghafla injini inakuwa nyepesi, inapumua. Hapo ala zimenyamaza, mke wangu anaimba peke yake. Nilikuwa nakaa wima kwenye dumu langu kila ilipopumua hivyo, na mtu angepita angedhani naheshimu mashine.

Siku ya Itaka kwaya ilibebwa na lori la jirani yangu, Mwislamu kutoka Singida anayenunua mahindi Mbozi na kuyauza hapa mpakani. Alikuwa anakwenda kupakia mzigo, akasema pandeni nyuma, tutarudi pamoja, waimbaji juu ya magunia. Ilikuwa mchana, kanisa limejaa hadi madirishani. Niliweka jenereta nyuma, karibu na migomba, na mambo yakaenda vizuri mpaka ule wimbo wa kufungia. Injini ikajikaza, ikajikaza, ikapumua. Nikakaa wima. Ikapumua tena kwa namna nisiyoipenda, ikakohoa, ikazimika.

Petroli tuliyonunua njiani ilikuwa na maji. Nilijua mara moja, na nilijua la kufanya: funga koki, fungua kikombe cha kabureta, mwaga, kausha plagi, rudisha. Nilifanya yote hayo mbiombio, kwa sababu mke wangu alikuwa katikati ya ubeti wake na mimi ndiye niliyemzimia maiki. Masikio yangu yalikuwa bado yanavuma. Kwa mbali nilisikia mvumo wa watu kutoka ndani, nikadhani wananung'unika. Nikaona aibu. Nikavuta kamba. Ikakataa. Nikaitukana kwa Kinyiha, lugha ambayo ilikuwa ikiielewa vizuri, nikavuta tena, ikaunguruma. Ndani wakapiga makofi. Nikajifuta jasho nikijisifu kwamba hakuna fundi mwingine katika mkoa huu ambaye angeiwasha upesi vile.

Jioni tukirudi nilikaa mbele na jirani yangu. Tulipoiacha barabara ya vumbi akasema, "Fundi, leo umetuharibia."

Nikaanza kumweleza habari za maji kwenye petroli.

"Sisemi kuzimika," akasema. "Nasema kuwasha. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani pale. Umeme ulipokata, shemeji hakunyamaza. Akaendelea hivyo hivyo, bila spika, bila kitu. Wenzake wakamshika kwa chini, mmm, mmm, kanisa zima likawashika. Mimi si wa dini yenu, lakini nilivua kofia. Halafu wewe na mashine yako, grrr."

Nikamuuliza kama watu hawakunung'unika.

"Nani anung'unike? Walikuwa wanaitikia."

Kwa miaka yote ile nilikuwa nyuma ya ukuta kwa sababu ya kelele. Kelele ilikatika mara moja tu, mke wangu akiimba ubeti uleule, madirisha yakiwa wazi, mimi nikiwa hatua chache kutoka kwake. Na nafasi ile niliitumia kuhangaika kuirudisha kelele. Ningeketi tu kwenye dumu langu. Hakuna mtu ndani aliyekuwa ananihitaji. Haraka haraka haina baraka, tunawaambia watoto kila siku wakimwaga maji, na mimi mwenyewe nilikuwa bado najisifu kwa haraka yangu.

Nyumbani, tukishusha vyombo, mke wangu aliniuliza taratibu, bila kunitazama, "Leo umenisikia?"

"Nilikuwa navuta kamba," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaketi juu ya spika. Akajaribu kusema akashindwa, akafuta machozi, kisha akasema, "Basi Vwawa hutavuta chochote. Vwawa kuna umeme. Utakaa mbele kabisa, hata nikisahau maneno."

Tamasha la Vwawa lilikuwa limeshapangwa. Ukumbi una umeme wa uhakika, na una jenereta yake yenye mtu wake. Nilinunua shati. Lilikuwa la bluu, la mikono mirefu, na mke wangu aliliweka sandukuni ili nisilivae kazini.

Lakini shingo yake ilikuwa imeanza kuvimba. Mwanzoni tulidhani ni unene, tukataniana. Kisha akawa anameza chakula kwa shida, na usiku akilala chali pumzi inabana. Huko Mbeya daktari alisema uvimbe utolewe na tusisubiri. Akatueleza kwa upole, akichora kwenye kiganja chake, kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na mahali pale, na kwamba watakuwa waangalifu, lakini hawezi kuahidi. Mke wangu akauliza kama inaweza kungoja mpaka baada ya Vwawa. Daktari akanitazama mimi. Nikasema, hapana, afanyiwe sasa.

Nikirudishwa kwenye chumba kile leo nitasema vilevile. Najuta, na nisingefanya vingine, na mambo hayo mawili yamekaa pamoja kifuani mwangu bila kugombana wala kupatana. Alipona. Anakula, analala, analima bustani. Anazungumza kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, na watoto wakimpigia simu huweza kudhani ni mimi nimepokea. Kwenda juu katika wimbo hakuwezekani tena. Vwawa waliimba bila wimbo ule, na sisi hatukwenda. Shati nililivaa kwenye harusi ya mpwa wangu.

Bado yuko kwenye kwaya. Anawashonea sare, anawasahihisha mabinti kwa kupiga kidole mezani, na safari zikiwepo anasafiri nao. Jenereta tuliiuza. Kwaya ina betri kubwa sasa, na paneli za jua, kitu kimya kabisa. Mtu wa mitambo anakaa ndani na wengine. Ningekuwa mtu wa wivu ningemwonea wivu kijana yule. Nimejaribu kutokuwa, na sijafanikiwa sana.

Miezi michache iliyopita mama mmoja wa sauti ya pili alikuwa akifuta picha kwenye simu yake ya zamani, akakuta kipande cha video ya Itaka, akanitumia. Nilimpelekea mke wangu uani alikokuwa akichambua maharage. Akafuta mikono, akashika simu karibu na sikio, akasikiliza hadi mwisho. "Kumbe nilikuwa nafika juu hivyo," akasema kwa sauti yake ya sasa. Akanirudishia simu, akaendelea na maharage yake. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Wangu ameshakua na anakaa nyumbani kwangu.

Video yenyewe ni mbaya. Inaonyesha migongo ya watu na kipande cha dari. Mwanzoni ni kinanda na besi, halafu ala zinanyamaza, yeye anaanza ubeti wake na spika zinakatika, na unamsikia mtu akiguna, mtoto akiuliza kitu, kiti kikisogezwa. Kisha, chini ya hayo yote, unamsikia yeye, hajanyamaza. Ni sauti nyembamba, ya mbali, imebanwa na simu ya bei rahisi, na najua kwamba aliyesimama dirishani siku ile alisikia kitu kingine kabisa. Ila ni yeye. Anamaliza mstari wa kwanza, watu wanaanza kumshika kwa chini, wanaurudia naye tena na tena. Anaimba wa pili, na hapo unasikia jinsi anavyojiandaa kupanda.

Naisikiliza karakanani asubuhi, kabla vijana hawajaja na pikipiki zao. Nimeshaijua yote. Anamaliza mstari wa pili, anavuta pumzi, na nyuma ya kanisa, kwa mbali, kamba inavutwa na mashine inakohoa bila kuwaka. Hapo huwa nasimamisha kila ninachofanya. Najua kinachofuata, nilikuwepo, na bado kila asubuhi namwombea yule fundi kamba imponyoke mkononi.