Mjomba Amegonganisha Magari Moshi Yangu

Leo mjomba amenichefua mbele ya wageni.

Tangu nimalize shule nimekuwa nikitengeneza magari moshi mawili ya makopo. Baba ni dereva wa gari moshi, nilitaka aone nimeielewa kazi yake: reli ni moja kwenda na kurudi, na asiyepewa fimbo ya njia, ambayo ni moja tu, haondoki, magari yasije yakakutana.

Mjomba, ambaye ni stesheni masta, akayagonganisha makusudi. Baraza zima la Kariakoo likacheka.

"Mjomba, fimbo ni moja tu," nikasema kwa sauti ndogo.

"Fimbo ni ya kumpendezesha Mzungu akija kukagua, mama. Jana asubuhi nilimwachia dereva mmoja aondoke bila fimbo, kafika."

Baba akaweka kikombe chini.

"Jana asubuhi, shemeji? Mimi nilikuwa kwenye njia hiyohiyo, na fimbo nilikuwa nayo mimi."



Kisha mjomba akaniomba sukari. Nimempa, kwa kinyaa.

Nyinyi mngempa?